Pimeni Maji Kwanza, Ndoo ya Mama Baadaye

Ndugu zangu wa pwani, wakulima wa mwani, waokota kombe, wafugaji wa chaza, na ninyi wachuuzi mnaobeba mzigo kutoka kijijini kupeleka mjini, leo siandiki kuhusu mbegu wala bei. Naandika kuhusu usalama wa kombe na chaza, na jinsi sheria yake inavyosimamiwa kichwa chini miguu juu. Ni jambo linalowagusa mfukoni, na linaweza kuua mtu.

Hali mnaijua. Mkaguzi anafika sokoni saa nne asubuhi. Anamkuta mama ana ndoo ya kombe waliochemshwa na beseni la chaza. Anamuuliza: cheti cha kupimwa afya kiko wapi? Mbona huna aproni nyeupe? Leseni je? Akikosa kimoja anapigwa faini, au mzigo unamwagwa watu wakitazama. Mita mia tatu kutoka hapo mtaro wa mji unamwaga maji meusi baharini, na hakuna aliyeuliza mtaro ule una cheti gani. Fomu imejazwa, ripoti imeandikwa kwamba ukaguzi umefanyika, na kombe wa kesho wataokotwa palepale, kwenye maji yaleyale.

Mimi ni mtu wa serikali na sioni aibu kusema kwamba ukaguzi wa namna hiyo ni kupoteza muda. Kwa muuza maandazi unafaa. Kwa muuza samaki wa kukaanga unafaa sana, maana samaki yule mara nyingi anaharibikia mikononi mwetu: jua, nzi, kisu kichafu, mafuta ya juzi. Kwa kombe na chaza habari ni tofauti. Uchafu wenye hatari zaidi unaingia ndani yao kabla hata mama hajainama kuwaokota.

Chaza hana meno wala hakimbizi chakula. Amejishika kwenye jiwe au kwenye mzizi wa mkoko, anavuta maji, anayapitisha kwenye mashavu yake, anabakiza vijidudu vidogo vya kula, kisha anayatoa. Chaza mkubwa mmoja, hali ikiwa nzuri, anaweza kuchuja zaidi ya lita 100 kwa siku. Kombe wa matopeni naye ni mchujaji. Kichujio cha chai kinabakiza majani, siyo? Basi na huyu anabakiza. Kama maji yana kinyesi cha binadamu, vimelea vya kinyesi hicho vinalimbikizana ndani ya nyama yake, na mara nyingi huwa vingi kuliko vilivyo kwenye maji yenyewe. Halafu sisi tunamla mzima, pamoja na utumbo wake. Samaki tunamtoa matumbo. Kombe tunakula matumbo.

Kwa hiyo mama anaweza kuvaa aproni nyeupe kama theluji ya Kilimanjaro, akanawa mikono hadi kwenye viwiko, akaweka ndoo mpya yenye mfuniko, na bado akamuuzia mteja homa ya matumbo. Na mwenzake anayeokota kwenye hori safi, mbali na mji, amevaa kanga iliyochakaa, anaweza kuwa na mzigo usio na shida yoyote. Mkaguzi anayetazama nguo hawezi kuwatofautisha hawa wawili.

Wapo watakaosema afisa ugani anawatetea watu wake tu. Basi tuwaache watu wangu pembeni kidogo, tuangalie nchi zilizotangulia katika biashara hii zilijifunzaje. Zilijifunza kwa misiba.

Uingereza kuna mji mdogo wa bandari unaitwa Emsworth, na miaka mia moja na ushee iliyopita chaza wake walikuwa na jina kubwa. Novemba 1902 yalifanyika karamu mbili rasmi za mameya, moja Winchester na nyingine Southampton, na wageni walilishwa chaza wa Emsworth. Watu wengi waliugua homa ya matumbo na wanne wakafa, akiwemo mkuu wa kanisa kuu la Winchester. Uuzaji wa chaza wa Emsworth ukasimamishwa. Ukiishia hapo utasema ni haki, wavuvi wametia watu ugonjwa. Lakini aliyelaza bomba la majitaka mpaka kwenye bandari ile, karibu na mabwawa ya chaza, ni halmashauri ya eneo lenyewe. Mfanyabiashara mmoja mwenye mabwawa, Foster, hakukubali kubeba mzigo wa mwingine. Aliishtaki halmashauri, kesi ikafika mahakama ya rufaa, na mwaka 1906 akashinda. Hukumu hiyo inasomwa na wanasheria mpaka leo. Hata hivyo biashara ya chaza ya Emsworth haikurudi tena kuwa ilivyokuwa, kwa sababu wateja walikwisha ogopa. Aliyechafua ni mmoja, waliofilisika ni wengine.

Marekani nayo ilipata yake. Kati ya mwishoni mwa 1924 na mwanzoni mwa 1925, chaza kutoka jimbo la New York walisambaza homa ya matumbo katika miji mikubwa kadhaa. Watu wapatao 1,500 waliugua na karibu 150 walikufa. Wauza chaza wenyewe, biashara ikiwa imekufa mikononi, walikuwa miongoni mwa walioitaka serikali iweke utaratibu. Mwaka 1925 ukaanza mpango wa taifa wa usafi wa viumbe wa gamba, na mpaka sasa unafanya kazi. Msingi wake ni kukagua na kupima eneo wanapokulia, kulifunga eneo likichafuka na kulifungua likisafika.

Umoja wa Ulaya unafanya hivyohivyo kwa njia yake. Wamarekani hupima maji, Wazungu wa Ulaya hupima nyama ya kombe mwenyewe. Wanachotafuta hasa hao wa Ulaya ni bakteria anayeitwa E. coli, anayeishi kwenye utumbo wa binadamu na wanyama. Ukimkuta ujue kinyesi kimepita. Kule Ulaya eneo likionyesha E. coli wasiozidi 230 katika gramu 100 za nyama, katika sampuli zisizopungua nane kwa kila kumi, ni daraja A, na kombe wake wanaweza kuuzwa hai moja kwa moja. Wakifika mpaka 4,600 ni daraja B: lazima wakae kwanza kwenye matangi ya maji safi ya bahari wajisafishe, au wahamishiwe kwenye maji safi, au wapikwe kwa utaratibu uliokubaliwa. Mpaka 46,000 ni daraja C, na hao wakihamishiwa maji safi wanakaa si chini ya miezi miwili. Zaidi ya hapo ni marufuku kuuza kwa kuliwa.

Rudieni kusoma hayo madaraja. Yamepewa bahari. Hakuna mahali palipoandikwa mama wa daraja A na mama wa daraja C. Usafi wa muuzaji nao unatakiwa, na matangi na vyumba vyao vya kufungashia vinakaguliwa kweli, lakini mlango wa kwanza ni eneo. Sisi tumeurukia mlango wa mwisho, tukaufunga kwa kufuli kubwa, na wa kwanza tumeuacha wazi.

Huku Bara hesabu ofisi zinazoweza kumfikia muuza kombe. Wizara yenye uvuvi ina wakaguzi wake chini ya Sheria ya Uvuvi ya 2003. TBS wamebeba kazi ya usalama wa chakula tangu 2019, ilipotoka TFDA. Halmashauri ina afisa afya na ina mkusanya ushuru. NEMC wana mazingira. Mamlaka ya maji ina majitaka. Ofisi tano, na zote zinaweza kukutana kwenye ndoo ya mama mmoja, lakini ni nadra sana kuzikuta mbili zimekutana penye mdomo wa mtaro. Zanzibar majina ya ofisi ni mengine, sheria ni nyingine, na bado mabomba ya Mji Mkongwe yanaingia baharini. Dar es Salaam Mto Msimbazi unabeba kila kitu ambacho jiji limekitupa na kukifikisha baharini pale Daraja la Selander. Mto huo haujawahi kuombwa kitambulisho cha mjasiriamali.

Kuna faida nyingine ya kupima maeneo ambayo hatuizungumzii, na inakuhusu wewe mwenye hori safi. Leo kombe wako waliotoka kwenye mikoko isiyo na nyumba hata moja jirani, na kombe waliookotwa chini ya bomba, wanafika kwa mchuuzi na kumwagwa kwenye gunia moja kwa bei moja. Wewe umetembea saa mbili kwenye matope wakati wa bamvua, mwenzako kachukua nyuma ya soko. Hakuna karatasi inayosema wako ni bora, kwa hiyo huwezi kudai hata shilingi mia ya ziada. Na siku watu wakiugua, mtakataliwa wote. Kukosa daraja kunamwibia mwaminifu kila siku.

Haya sasa nigeukie upande wetu, maana na sisi tunajidanganya.

Uongo wa kwanza ni huu: “Bibi zetu wamekula hawa tangu enzi na hawakufa.” Bibi zetu waliokota kijiji kikiwa na kaya arobaini, wakachemsha, wakala jioni ileile. Hapakuwa na gari la kunyonya vyoo linalomwaga usiku mtoni. Hapakuwa na hoteli kumi ufukweni. Na kusema kweli wapo waliokufa kwa kuhara, ila hakuna aliyeandika chanzo.

Uongo wa pili ni mkubwa zaidi: “Akichemka amekuwa salama.” Kuchemsha kunasaidia mno, na mtu yeyote atakayewaambia msichemshe mfukuzeni. Lakini kuna mambo mawili hapa.

La kwanza, wengi wetu hatuchemshi, tunafungua tu. Kombe akiona moto anafungua gamba mapema, na mama anaona kazi imekwisha, anaepua. Gamba linafunguka nyama ya ndani ikiwa bado haijapata moto wa kutosha. Utaratibu wa Ulaya kwa wanaotoka maji yasiyo safi unataka joto la ndani ya nyama lifike nyuzi 90 na likae hapo sekunde 90. Huna kipimajoto, najua. Basi maji yachemke kwanza ndiyo utie kombe, usijaze sufuria mpaka juu, subiri maji yatokote tena, kisha hesabu dakika tano kamili ya kutokota. Nyama itapungua kidogo na kuwa ngumu kidogo. Mteja akilalamika mwambie ndiyo bei ya kulala usingizi. Virusi vya homa ya ini aina ya A vinastahimili moto mdogo. Mwaka 1988 mji wa Shanghai, China, ulipata wagonjwa karibu 300,000 wa homa hiyo ndani ya miezi michache, na chanzo kilikuwa kombe waliotoka maji yenye majitaka, wakaliwa wabichi au wakiwa wamepitishwa tu kwenye maji moto. Laki tatu, ndugu zangu, kwa kombe.

La pili linatisha zaidi, kwa sababu hata hizo dakika tano hazilitatui. Kuna sumu zinazotokana na vijimea vidogo vya baharini. Vijimea hivyo vikizaliana kwa wingi, kombe na chaza wanavila na sumu inajaa ndani yao. Wenyewe hawaugui, hawabadiliki rangi, hawanuki, na maji yanaweza kuonekana ya kawaida kabisa. Moja ya sumu hizo inakamata neva: ganzi midomoni na kwenye ulimi, vidole vinachomachoma, miguu inakosa nguvu, mwishowe pumzi. Moto wa jikoni hauiondoi. Mwaka 1987 kwenye pwani ya Guatemala, watu wa kawaida wa vijiji vya pwani kama sisi, walikunywa supu ya kombe. Supu, iliyochemshwa! Watu 187 waliugua na 26 wakafariki. Mwaka huohuo Canada zaidi ya watu 100 waliugua kwa sumu ya aina nyingine iliyokuwa ndani ya kome waliofugwa, kwenye nchi yenye maabara kila kona. Hapa kwetu sumu isiyosikia moto si hadithi ya mbali. Kisiwani Panza, Pemba, Machi 2024, nyama ya kasa iliua watoto wanane na mtu mzima mmoja. Kasa si kombe na sumu yake ni nyingine, lakini ile nyama ilipikwa. Kupika hakukuokoa mtu.

Sumu hii ya kombe mama hawezi kuiona wala mkaguzi wa sokoni hawezi kuiona. Inaonekana maabara tu, kwa sampuli iliyochukuliwa kwenye eneo. Nchi zinazouza chaza zinaweka kikomo, kwa sumu ya ganzi ni mikrogramu 800 kwa kilo moja ya nyama, na eneo likikivuka linafungwa na redio inatangaza. Sasa niambie, aproni inafanya nini hapo?

Nimesikia jibu la wakubwa: maabara ni ghali, wananchi wanaookota kombe ni maskini, soko lenyewe ni dogo. Hoja ya ughali naijua, ila nakumbuka pia Ziwa Victoria. Mwaka 1997 Hispania na Italia zilisimamisha sangara kwa sababu ya salmonela. Mwishoni mwa mwaka huo Ulaya ikazuia kwa hofu ya kipindupindu. Mwaka 1999 ikazuia tena kwa sababu ya watu waliovua kwa sumu ya dawa za wadudu. Viwanda vya Mwanza vilitetemeka, na wakati ule fedha zilipatikana. Maabara ikajengwa Nyegezi, mialo ikawekewa sakafu na maji, wakaguzi wakasomeshwa. Kumbe inawezekana mzungu akikataa. Sangara wa Mzungu alipimwa, na kombe wa mtoto wa Mkinga au Kilwa anaambiwa asubiri. Mimi sikubali kwamba tumbo la mnunuzi wa ng'ambo lina thamani kuliko la mtoto anayekula kombe kwa ugali hapa kijijini.

Na gharama haianzii maabara. Kazi ya kwanza katika utaratibu wote huo wa nchi za nje ni kutembea. Wataalamu wanatembea ufuko mzima maji yakiwa yamekupwa, wanaandika kila bomba, kila mtaro, kila choo kilicho juu ya maji, kila zizi, kila mto unaoingia, na mahali magari ya majitaka yanapomwaga. Wanachora ramani. Ndipo wanaamua sampuli zichukuliwe wapi, kwa sababu wanajua uchafu unatokea wapi na mkondo unaupeleka wapi. Hilo la kutembea ninyi mnaliweza kuliko mtaalamu yeyote. Ninyi ndio mnaojua maji ya kujaa yanaingilia wapi, mtaro upi unafurika masika, nyumba ipi ya wageni ina bomba lililofichwa chini ya mchanga.

Basi kikundi chenu, pamoja na BMU, chagueni siku ya bamvua. Watu sita wanatosha, daftari moja na simu yenye kamera. Mtembee kutoka mwanzo wa eneo lenu mpaka mwisho. Andikeni mlichokiona na tarehe, pigeni picha. Rudini tena mara moja baada ya mvua kubwa, kwa sababu mitaro ya masika si mitaro ya kiangazi. Ramani ichorwe hata kwa kalamu ya risasi, iwekwe alama: hapa tunaokota, hapa hatuokoti kuanzia leo. Na hapo pa pili msidanganyane. Kama kikundi kimekubaliana kwamba upande wa mtaro umefungwa, anayekwenda usiku na kichwa-taa kuokota huko anawauza wenzake. Atozwe na kikundi kabla hajatozwa na serikali.

Ramani hiyo ikiwa mkononi, mnaweza kudai. Huku Bara Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inampa kila mtu anayeishi nchini haki ya mazingira safi, salama na yenye afya, na inamruhusu kuchukua hatua haki hiyo ikivunjwa. Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016 inamruhusu raia kuiandikia ofisi ya umma na kuomba taarifa, na ofisi inatakiwa kujibu ndani ya siku 30. Kwa hiyo msiende kulalamika kwamba mtaro unanuka. Nendeni na swali lenye tarehe: majitaka yanayotoka kwenye mtaro huu yamepimwa lini, matokeo yalikuwaje, nani ana kibali cha kuyamwaga hapa? Swali la namna hiyo lina nambari ya kumbukumbu na lina mtu wa kulijibu. Na mkumbusheni mkurugenzi kwa adabu kwamba kila gunia la kombe linalotoka mwaloni limelipiwa ushuru, na kwamba sehemu ya ushuru huo kurudi kupima maji ni jambo la haki.

Wakati mnasubiri, na mtasubiri, yapo yaliyo mikononi mwenu, na hapa siwaonei huruma.

Msiuze mbichi wa kuliwa mbichi. Najua kinachotokea: mpishi wa hoteli anakuja anataka chaza hai, mgeni atamla na ndimu, bei yake ni mara tatu ya soko. Ndimu haiui kimelea chochote cha maana. Kama eneo lako halijapimwa, kataa. Mwambie utamletea waliochemshwa, au yeye alete sampuli maabara kwa gharama yake na akuonyeshe karatasi. Siku mgeni mmoja akilazwa, hoteli itasema chaza walitoka kwako, wewe utasema walitoka baharini, na unajua nani ataaminiwa. Vilevile ninyi wa Fumba na ghuba ya Menai mnaofuga chaza kwa ajili ya lulu, nyama inayobaki msiifanye mbichi kwa sababu tu chaza wenu wanaonekana wazuri. Lulu haiangalii E. coli.

Baada ya mvua kubwa pumzikeni kuokota. Mimi nashauri wiki nzima, na karibu na mdomo wa mto zaidi. Marekani yapo maeneo yanayofungwa moja kwa moja mvua ikifika kipimo fulani, bila kusubiri mtu augue.

Msiwaoshe kombe kwenye maji ya mwaloni penye mashua na mabaki ya samaki. Mmewatoa pazuri mnawalisha uchafu dakika za mwisho. Wasafirishwe kivulini, chini ya gunia lenye unyevu. Usiwafungie kwenye ndoo ya maji ya bahari juani, maana hewa inakwisha na wanakufa, wala usiwatie kwenye maji baridi ya bomba. Aliyeachama gamba na ukimgonga hafungi, huyo amekufa, mtupe, hata kama umenunua kwa fedha yako. Waliochemshwa wakae kwenye deli lenye barafu. Beseni lililokaa wazi tangu asubuhi hadi saa kumi jioni kwa joto la Tanga si chakula tena. Na ndoo ya wabichi isirudi kubeba waliopikwa kabla haijaoshwa kwa sabuni na maji ya moto.

Halafu daftari. Wengi mtakunja uso, lakini hili ndilo kinga yenu kuliko yote. Kila mzigo uandikwe: tarehe, mahali, nani ameokota, kiasi gani, ameuziwa nani. Mistari mitano. Marekani kila gunia la chaza lina lebo, na mwenye mgahawa anatakiwa kuitunza siku 90 baada ya gunia kuisha, ili mtu akiugua wajue ni hori gani lifungwe badala ya kufunga pwani nzima. Mchuuzi, usichanganye magunia ya vijiji viwili. Funga kila gunia na kikaratasi chake ndani ya mfuko wa nailoni. Siku mkaguzi atakapokuja na habari kwamba watu wa mtaa fulani wanahara, mwenye daftari ataonyesha mzigo wake ulitoka wapi na ulikwenda wapi. Asiye nalo atabeba lawama ya wote.

Mteja akikwambia midomo imekufa ganzi baada ya kula kombe, usibishane naye wala usimpe maziwa. Mkimbizeni kituo cha afya mara moja, mbebe na kombe waliobaki kwenye mfuko, mwambieni mganga amekula nini na saa ngapi. Na kikundi kisimamishe kuokota eneo lile siku hiyohiyo.

Wanaotaka kuanza na barua, iwe fupi. Ipitie kwa mtendaji wa kijiji, iende kwa mkurugenzi wa halmashauri, nakala kwa afisa uvuvi wa wilaya, afisa afya na ofisi ya NEMC ya kanda. Aya ya kwanza ni ninyi ni nani na mnaokota wapi. Ya pili ni mlichokiona mlipotembea, na ramani iambatanishwe. Ya tatu ni maombi mawili tu: eneo letu lipimwe E. coli kwenye nyama ya kombe, mara moja kwa mwezi kwa mwaka mzima, na tupewe nakala ya matokeo. Wekeni sahihi zote, pigeni muhuri wa BMU, mbaki na nakala iliyogongwa muhuri wa mapokezi wa halmashauri wenye tarehe. Siku 30 za kujibu ombi la taarifa zinahesabiwa kuanzia tarehe hiyo.